Kabla ya kuandika "grow", tazama kwanza kinachokua

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa langu la jioni, darasa la watu wazima wanaojifunza Kiingereza, nikafika kwenye sentensi hii: "My grandmother grew me very well." Aliyeiandika ni mama wa makamo, mwanafunzi hodari asiyekosa kipindi. Alichotaka kusema kilieleweka: bibi yangu alinikuza vizuri. Nikapiga mstari chini ya "grew", juu yake nikaandika "raised".

Siku ya pili akanijia na daftari mkononi. "Samahani, mwalimu. Mbona kamusi inasema grow ni kukua na pia kukuza? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea kusoma, mama," nikamwambia. "Kamusi ndiyo imesema nusu."

Muda ulikuwa umekwisha, nikampa jibu la haraka ambalo halikuniridhisha hata mimi. Haya ndiyo maelezo aliyostahili kupata.

Ugumu wenyewe uko hivi. Kwa Kiswahili mtoto anakua, nyasi zinaota, mtu anazeeka, giza linaingia, deni linaongezeka, kijana anafuga ndevu, mkulima analima maharage. Vitenzi saba. Mwingereza anaweza kuyasema yote hayo kwa "grow" peke yake. Ukiona hivyo utadhani njia ya kurudi nayo ni nyeupe, kwamba kila penye kukua, kukuza, kufuga au kulima unaweza kuchomeka "grow" ukaendelea na safari. Haiko hivyo, na hapo ndipo makosa mengi ninayoyaona madaftarini yanapoanzia.

Kwa hiyo usianze na kitenzi cha Kiswahili. Anza na kitu chenyewe. Jiulize: ni nini kinachobadilika hapa? Je, kinabadilika chenyewe, au yupo mtu anayekishughulikia? Majibu ya maswali hayo mawili yatakuonyesha kama "grow" inafaa au ukatafute neno jingine.

Kwanza, neno lenyewe mdomoni

Maumbo yake ni matatu: grow, grew, grown. La kwanza linasikika kama "grou", midomo ikijikusanya mwishoni. La pili ni "gruu". La tatu ni "groun", kwa mkupuo mmoja. Wengi wetu tunaongeza irabu tukasema "groweni", kwa sababu masikio yetu yamezoea maneno yanayoishia kwa irabu. Funga neno kwenye n, usiongeze kitu. "Grown" inasikika sawasawa na "groan", yaani kugumia kwa maumivu, lakini sentensi nzima itakuonyesha ni lipi limesemwa.

Likariri pamoja na ndugu zake: know, knew, known, blow, blew, blown, throw, threw, thrown. Usiwachanganye na majirani wanaofanana sura tu: show, flow na glow huchukua showed, flowed na glowed. "Growed" utaisikia kwa watoto wadogo wa Kiingereza wanaojifunza kusema. Kwenye Kiingereza sanifu haipo.

Asili ya neno hili inasaidia kuelewa tabia yake, kwa hiyo nivumilie kidogo. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "growan", nalo lina undugu na "green" na "grass", kijani na nyasi. Zamani hizo lilikuwa hasa neno la mimea. Kwa mtu, mnyama au mwezi, kitenzi cha kawaida cha kukua kilikuwa kingine, "weaxan", ambacho Wajerumani bado wana ndugu yake, "wachsen". Kwa Kiingereza cha leo kimebaki kama "wax", kikitumika zaidi kwa mwezi: "the moon is waxing". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilivitumia vyote viwili katika mstari mmoja, Luka 2:40, pale mtoto "grew, and waxed strong". Baadaye "grow" ikameza karibu kazi yote ya mwenzake. Lakini pale mtu anapokuza kitu kwa mikono yake, neno hili limebaki na harufu ya shamba. Ndiyo maana bibi hawezi ku-"grow" mjukuu: kwa sikio la Mwingereza, amemwotesha kama mche.

Kwenye mimea neno liko nyumbani

Mmea ukikua wenyewe, sentensi haina yambwa, yaani kitu kinachotendewa: "Grass grows fast after rain." Nyasi huota haraka baada ya mvua. "Nothing grows here." Hapa hapamei kitu. Tahadhari moja: ile hatua ya kwanza, mbegu inapopasuka na kuchungulia juu ya udongo, Waingereza huiita "sprout", "germinate" au kwa lugha ya kila siku "come up". Kukua kwa "grow" kunaanzia hapo na kuendelea. Na ukiwa unatafsiri kuota, hakikisha kwanza ni kuota gani, maana sisi tunaota ndoto, tunaota jua na tunaota moto, na hakuna hata moja kati ya hizo yenye uhusiano na "grow".

Mtu akishughulikia mmea, yambwa inaingia: "She grows beans." Analima maharage. Hapo kuna mitego miwili ninayoiona kila muhula.

Mtego wa kwanza ni siku na msimu. Kupanda ni kazi ya siku moja: unachimba shimo, unatia mbegu, unafukia. Hiyo ni "plant". "Grow" ni safari nzima, kuanzia kupanda, kupalilia na kumwagilia hadi kuvuna. Kwa hiyo "I planted beans on Monday" ni sahihi, lakini "I grew beans on Monday" inamshangaza msomaji, kwa sababu maharage hayakui kwa Jumatatu moja. Kama unaweza kutaja siku na saa, andika "plant". Kama unazungumzia msimu, mwaka au desturi, andika "grow".

Mtego wa pili ni shamba lenyewe. Kiswahili kinaruhusu kulima maharage na kulima shamba kwa kitenzi kile kile. Kiingereza hakiruhusu. Yambwa ya "grow" ni zao. Udongo hauwi yambwa yake. Shamba hulimwa kwa "till", "dig" au "cultivate". Ukiandika "he grows his field", umesema anaotesha shamba lenyewe.

Kauli ya kutendwa nayo ni ya kawaida sana hapa: "Wheat is grown in cool areas." Ngano hulimwa maeneo ya baridi. Kumbuka tu kwamba umbo hili, "is grown", ni la mazao. Kwa mtu lina maana nyingine kabisa, nitaifikia.

Ndevu, nywele, kucha

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu Kiswahili kimetupa neno zuri lisilofanana na la Kiingereza. Sisi tunafuga ndevu. Tunafuga nywele, tunafuga kucha. Kufuga ni kukiacha kitu kikue huku ukikitunza, kama unavyofuga kuku au mbuzi. Mwingereza amefikia maana hiyo hiyo kwa njia ya shambani: "He is growing a beard", kana kwamba kidevu ni bustani. "I am growing my hair." Ninafuga nywele.

Sasa mwanafunzi anayejua kwamba kufuga ndevu ni "grow a beard" huandika kwa ujasiri, "My uncle grows cows." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ng'ombe, kuku na mbuzi hufugwa kwa "keep" au "raise". Kwa hiyo kufuga kunagawanyika: kikiwa kimeota mwilini, "grow", kikiwa na miguu yake, "keep" au "raise".

Vikiota vyenyewe, hakuna yambwa: "My nails grow quickly." Vilivyokatwa vikirudi, ongeza "back": "The hair will grow back." Nywele zitaota tena. Meno ya mtoto mchanga unaweza kuyasemea kwa "grow", lakini wazazi wa Kiingereza husema zaidi "her first tooth has come through", jino lake la kwanza limetoka.

Maabara wamelipanua neno kidogo: wanasayansi hu-"grow" bakteria, seli na fuwele. Ni upanuzi wa akili, kwa sababu nao huweka kitu kwenye mazingira mazuri kisha wakakiacha kiongezeke.

Watu

Mtoto anakua mwenyewe, na hapo "grow" ni sawa: "The child is growing well." Unaweza kuongeza kipimo moja kwa moja bila kihusishi: "He grew 6 centimetres last year." Aliongezeka kimo kwa sentimita 6 mwaka jana.

Ukitaka kusema safari ya kutoka utotoni hadi utu uzima, ongeza "up". "Grow" ni kuongezeka kimwili. "Grow up" ni kupita umri. Kiswahili kina kitenzi safi kwa ajili ya mahali ulipopitishia umri huo, kukulia. "Nilikulia kijijini" ni "I grew up in a village." Mnyambuliko wetu wa -li- umebeba kazi ya "in", kwa hiyo wanafunzi huisahau hiyo "in" na kuandika "I grew up a village." Irudishe.

Aliyekutunza, je? Mlezi hawezi ku-"grow" wala ku-"grow up" mtoto. Ana vitenzi vyake, "raise" na "bring up". "My grandmother raised me." "I was brought up by my grandmother." Ukikumbuka kulea badala ya kukuza, hutakosea: palipo na kulea, "grow" haipo.

Mtego mwingine uko kwenye wakati. Sisi husema "nitakapokua", na ile -ta- inapiga kelele kwamba jambo ni la wakati ujao. Mwanafunzi anaitii na kuandika "when I will grow up". Kiingereza huweka wakati ujao kwenye sehemu ya pili tu: "When I grow up, I will be a nurse." Baada ya "when" ya namna hii, acha kitenzi kikae kama cha wakati uliopo.

Ukikutana na mtoto ambaye hujamwona muda mrefu, "Umekua!" ni "You've grown!" au, kwa mshangao zaidi, "How you've grown!" Angalia usije ukamwambia mtu "Grow up!" ukidhani unamtakia heri. Hilo ni karipio: acha utoto. Mwanafunzi wangu mmoja aliliandika kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa rafiki yake, na nashukuru alinionyesha kadi kabla ya kuifunga.

Sasa ile "are grown" niliyoahidi. "My children have grown" ni kwamba wameongezeka, wamekuwa warefu, pengine bado wana miaka kumi. "My children are grown" ni kwamba wamekuwa watu wazima na wanajitegemea. Tofauti ni neno moja fupi, lakini anayekusikiliza atapata picha mbili zilizo mbali sana. Kutoka hapo ndipo tunapata "a grown man", mwanamume mtu mzima, na "grown-up", mtu mzima kwa lugha ya watoto.

Kukuza biashara, kukuza kipaji, kukuza picha

Kukuza ni neno letu pana. Linakwenda kwa lugha, kipaji, uchumi, picha, hata kwa jambo dogo linalosimuliwa kana kwamba ni kubwa. "Grow" haliwezi kulifuata kote huko. Kipaji ni "develop" au "nurture". Lugha ni "develop" au "promote". Picha ni "enlarge". Jambo linalotiwa chumvi ni "exaggerate".

Kwa biashara na uchumi hali imebadilika katika kizazi kimoja. Ku-"grow" kampuni au uchumi, kwa maana ya mtu kuukuza, ni matumizi yaliyoshika kasi katika kampeni za urais wa Marekani za mwaka 1992, wagombea walipokuwa wakiahidi "grow the economy". Wahariri wengi walikereka. Leo utayakuta kila mahali kwenye ripoti za makampuni, na mtu anayeomba kazi akiandika "I helped grow the business" hakuna atakayemlaumu. Mimi mwenyewe kwenye tafsiri zangu napenda "expand" au "build", maana hayo hayamkwazi yeyote. Lakini kwa hali ya kutokuwa na yambwa hakuna aliyewahi kubisha: "The company is growing." "The economy grew."

Takwimu, na vitu visivyokua

Takwimu zinataka vihusishi vitatu tu. Tuseme shule ilikuwa na wanafunzi 200, sasa ina 260. "It grew from 200 to 260." "It grew by 60." "It grew by 30 percent." Kwa hiyo "by" hutaja nyongeza, "to" hutaja ulikofika. Ukiandika "grew to 60" umefukuza wanafunzi 140. Na "with" haina kazi hapa, ingawa wengi wetu huipenda.

Idadi ya watu, mji, mahitaji, deni, hofu, imani, hamu: vyote hivi hu-"grow". Lakini bei hazi-"grow", hupanda kwa "rise" au "go up". Joto vivyo hivyo, maji ya mto vivyo hivyo. Uzito wa mtu huongezwa kwa "gain" au "put on". Umri hau-"grow" kabisa. Mtu ndiye "gets older". Kanuni niliyoiona kwa kusoma sana ni hii: kitu chenye mwili au kundi, kinachoweza kunenepa kwa ndani, huelekea kwenye "grow". Namba inayosomwa kwenye kipimo, ikipanda na kushuka, huelekea kwenye "rise". Haishiki mahali pote, lakini itakuokoa mara nyingi.

Pale "grow" haiongezi kitu

Nimefika kwenye matumizi ninayoyapenda kuliko yote, na ambayo wanafunzi wetu huyakwepa wakidhani ni ya washairi tu. "Grow" ikifuatwa na kivumishi inakuwa na maana ya kugeuka taratibu: "She grew old." "The soup grew cold." "We grew tired."

Tazama tunavyoyasema hayo: alizeeka, supu ilipoa, tulichoka. Neno moja moja. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vilivyobeba badiliko ndani yao. Mtu aliyekuwa tajiri kidogo kidogo ametajirika. Aliyekuwa dhaifu amedhoofika. Kilichokuwa kirefu kimerefuka, aliyekuwa mnene amenenepa, aliyekuwa na mwili amekonda. Kiingereza hakina mnyambuliko wa aina hiyo kwa vivumishi vyake vingi, kwa hiyo huazima "grow" iwe gari la kubebea kivumishi: grow rich, grow weak, grow tall, grow fat, grow thin.

Umeiona hiyo ya mwisho? "Grow thin." Kukonda. Mtu anapungua, na bado Mwingereza anasema "grow". Vivyo hivyo "the boat grew smaller and smaller", mashua ilizidi kuwa ndogo. "The sound grew fainter", sauti ilizidi kufifia. Mwanafunzi anayeshikilia kwamba "grow" ni kuongezeka hukwama hapa na kudhani ni kosa la chapa. Si kosa. Katika matumizi haya kinachokua ni ile hali yenyewe, wembamba au udogo. Kwa Kiswahili kitenzi kinachokaribia sana ni kuzidi, maana nasi husema "alizidi kukonda" bila kuona ajabu yoyote.

Kwa hiyo ukikutana na "grow" na kivumishi, usitafute kukua. Tafuta kwanza kama Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha. Kikiwapo, kitumie: "grew angry" ni alikasirika. Kisipokuwapo, "kuzidi kuwa" au "kuanza kuwa" itakufikisha. Na kwa "it grew dark", usiandike "ilikua giza", wala ukitoka kwetu kwenda kwao usiandike "the darkness entered". Sisi giza huingia, wao "it grows dark".

Uchague lini "grow" na si wenzake? "Get" ni ya mazungumzo ya kila siku: "I'm getting tired." "Become" haina mwendo wala hisia, inafaa karibu kila mahali. "Turn" hupenda rangi na mageuzi ya ghafla: "the leaves turned yellow". "Grow" ni ya polepole na ya maandishi. Ukiitumia unamwomba msomaji asubiri badiliko litokee mbele ya macho yake. Barua ya kawaida kwa rafiki haiihitaji. Hadithi inaihitaji.

Kizuizi kimoja hakina mjadala: baada ya "grow" ya namna hii huja kivumishi, haiji nomino. "He grew a doctor" haipo. Ni "he became a doctor", au kama unataka ule mwendo wa taratibu, "he grew into a fine doctor".

Na kuna "grow" inayofuatwa na kitenzi: "I grew to love her." Hapa Kiswahili kina kifaa kilichotengenezwa kana kwamba kwa ajili hiyo: nikaja kumpenda. Kile kitenzi kuja kinachotangulia kingine, ndicho hicho hicho. "I grew to understand him", nilikuja kumwelewa. Ukiona "grew to", weka "kuja", utakuwa umefika.

Maneno madogo yanayoligeuza

"Up" tumeimaliza. "Grow out of" ina kazi mbili za karibu: mtoto akizidi nguo zake, "he has grown out of his shoes", viatu vimekuwa vidogo kwake; na mtu akiacha tabia kwa sababu ya umri, "she grew out of biting her nails". Kwa nguo na tabia unaweza pia kusema "outgrow" kwa neno moja. "Grow into" ni kinyume chake: nguo kubwa leo, kesho itamkaa, "he'll grow into it". Watu wawili waliopendana kisha wakaachana mioyo polepole bila ugomvi, "they grew apart".

Ngumu kuliko zote ni "grow on". "The song grew on me." Wimbo haukuniota mgongoni. Mwanzoni sikuupenda, nikausikia tena na tena, hatimaye ukanikaa moyoni. Angalia nani ni kiima: ni wimbo, mimi niko mwishoni. Ukisema "I grew on the song", umedai kwamba wimbo ndio uliokuja kukupenda wewe.

"Growth" na uangalifu wake

Nomino ni "growth", na bila "a" mbele yake ni ukuaji au ongezeko: "economic growth", ukuaji wa uchumi. Ikiwa na "a", na maneno yanayoizunguka ni ya hospitali, simama. Niliwahi kuletewa kijitabu cha afya kilichotafsiriwa na mtu mwingine, nikipitie kabla ya kuchapwa. Kiingereza kilisema "a growth in the throat". Kiswahili kilisema "ukuaji kooni". Msomaji angeona habari njema, au angalau isiyomhusu. Maana yake ni uvimbe kooni, kitu kilichoota pasipotakiwa, na kijitabu chote kiliandikwa ili mtu mwenye dalili hiyo aende akapimwe mapema. Nilisahihisha, kisha nikarudi mwanzo nikakisoma chote upya kwa hofu.

Zoezi tulilofanya na yule mama

Nilimwomba aandike kwa Kiswahili habari fupi ya bibi yake, kisha tukaihamisha pamoja ubaoni. Aliandika hivi:

Nililelewa na bibi, kando ya mto. Alikuwa analima maharage na kufuga kuku. Kila nilipomtembelea baada ya kuhama alisema, "Umekua, mjukuu wangu!" Miaka ikapita, akazeeka, sauti yake ikazidi kufifia. Mwanzoni sikuipenda nyumba ile yenye giza, lakini nikaja kuipenda. Nitakapopata watoto wengine nitawalea huko huko.

Nasi tukatoka na hii:

"I was brought up by my grandmother, beside a river. She grew beans and kept chickens. Whenever I visited her after moving away, she would say, 'How you've grown!' The years passed, she grew old, and her voice grew fainter. At first I did not like that dark house, but it grew on me. If I have more children, I will raise them there."

Hesabu: kukua kwenyewe kumetokea mara moja tu katika Kiswahili chake, lakini "grow" imeingia mara tano. Na pale alipoandika kulelewa, kufuga na kulea, haikuingia. Kwenye sentensi ya mwisho yeye mwenyewe alitaka "if" badala ya "when", akasema watoto ni majaliwa ya Mungu. Kitenzi baada ya "if" nacho kinabaki cha wakati uliopo, kwa hiyo hatukugusa kingine. Kwa "nikaja kuipenda" nilikuwa nimependekeza "I grew to love it", ambayo ni sahihi vilevile. Yeye akachagua "it grew on me", kwa sababu, alisema, yeye hakufanya lolote. Ni nyumba iliyomfuata.